Gari la kazi lililotumika, lisilokula mafuta: Suzuki Every au Toyota TownAce kwa fundi wa majokofu Mwanza?

FundiBaridi_Nyakato

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, karakana yangu iko Nyakato, na hadi sasa kazi zangu nazifikia kwa pikipiki. Mzigo ukizidi hukodi Kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, kijiweni. Utaratibu huo ulinitosha wateja walipokuwa wachache. Siku hizi nawahudumia wenye mafriza ya samaki Kirumba Mwaloni na Igombe, maduka ya vinywaji kuanzia Igoma hadi Kisesa, pamoja na mabucha ya upande wa Mkolani na Buhongwa. Tena tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, simu za Sengerema zimeongezeka, kwa kuwa mteja wa huko anajua kwamba fundi hatapoteza nusu siku akisubiri kivuko.

Mzigo wangu wa kila siku ni mitungi ya gesi ya friji, mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, pampu ya kuvuta hewa, kompresa moja au mbili, mabomba ya shaba, ngazi ya kukunja na sanduku la spana. Nikikadiria, vyote havizidi kilo 200, halafu tupo mimi na msaidizi wangu. Mara moja moja hubeba friza la kulala kulipeleka karakana, na kwa nadra zaidi friji refu la mlango wa kioo, lile la kuuzia soda. Nataka gari lenye bodi ya kufungwa, kwa sababu shaba ikilala nje usiku mmoja asubuhi huikuti, na mvua za Machi hadi Mei haziheshimu turubai.

Bajeti yangu ni milioni 9, pengine 10 nikiuza pikipiki. Nimeziona Suzuki Every kadhaa za kati ya mwaka 2006 na 2010, nimeiona TownAce ya umbo la zamani yenye injini ya 7K, na dalali mmoja amenionesha TownAce ya umbo jipya ambayo bei yake imenizidi kidogo, ingawa anasema mazungumzo yapo. Every inasifiwa sana kwa mafuta, lakini kila dereva ninayemuuliza ananiambia kwamba itanitia aibu kwenye mlima wa Bugando na kule Isamilo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: kwa kazi ya namna hii nitazame kwanza mafuta, nguvu, au hali ya gari lenyewe? Na nikifika kulikagua, nianzie wapi?

Spana_Mkuyuni

Mkuu, umetaja uzito wa mzigo wako, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi, na hapo ndipo jibu lilipo. Every ya mizigo imeundwa kubeba kilo 350 watu wawili wakiwa mbele, na injini yake ni ya sentimita za ujazo 658, kwa kuwa sheria ya Japani ya magari madogo inaishia 660. Kilo zako 200 zimo ndani ya uwezo huo na nafasi inabaki. Wanaokutisha kwa mlima wa Bugando wamezizoea Every zinazopakiwa saruji hadi matairi ya nyuma yanakaribia kugusa bodi. Gari la hivyo hukanyagwa mafuta hadi mwisho kutoka asubuhi hadi jioni, na injini ndogo iliyo katika hali hiyo hunywa kuliko ya 1500 inayotembea kwa raha, kisha hufa mapema. Ukibaki na mzigo ulioueleza, utapanda Bugando kwa gia ya pili bila kumsumbua mtu.

Sasa tuweke hesabu mezani. Chukua kilomita 60 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi. Jumla ni kilomita 1,560. Every nzima yenye gia za mkono, kwa mizunguko ya mjini kwetu, hutoa takriban kilomita 13 kwa lita. TownAce ya umbo jipya, yaani iliyoanza kutengenezwa mwaka 2008 ikiwa na injini ya 3SZ ya 1500, hutoa 10 au zaidi kidogo. Ya zamani ya 7K, ambayo ni 1800, ikitoa 8 mshukuru aliyeitunza. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi utaisoma kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, la Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na sisi wa Kanda ya Ziwa huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Every itakula 360,000 kwa mwezi, TownAce mpya 468,000, na ile ya 7K 585,000.

Tofauti ya 225,000 kati ya ya kwanza na ya mwisho ni fedha ya kueleweka, lakini angalia upande wa pili: Every iliyochoka, ambayo imechemsha mara moja na kufichwa kwa kopo la dawa ya kuziba radieta, itakula akiba hiyo ya miezi mingi kwa ufunguaji mmoja wa injini, na wakati imelala gereji wewe umerudi kukodi. Kwa hiyo jibu langu ni hali ya gari kwanza, mafuta pili. Nguvu isikupe shida, kwa sababu mzigo wako hauihitaji.

Kuhusu lile friji refu, usilinunulie gari. Halitasimama ndani ya Every, halitasimama ndani ya TownAce, wala ndani ya HiAce ya paa la kawaida, na wewe kama fundi unajua kinachotokea oili ya kompresa inapohama kwa sababu friji limelazwa. Endelea kukodi Kirikuu ya wazi kwa siku hizo, uweke gharama kwenye ankara ya mteja. Friza la kulala la ukubwa wa kati litaingia Every bila matatizo ukikunja kiti cha nyuma. Ulipime kwanza mlango kwa futi.

Ukaguzi uanze kabla gari halijawashwa. Mwambie mwenye gari mapema kwamba unataka kulikuta injini ikiwa baridi, na ukifika uiguse. Ukiikuta ina joto, kuna jambo lililotangulia kufanywa ambalo hukutakiwa kulisikia. Kwenye magari haya injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo inua kiti. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji wa rangi ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili na gasketi ya silindahedi imekwisha, nawe funga kifuniko na uage. Fungua radieta ikiwa bado baridi: maji ya rangi ya kutu yanakuambia kwamba gari limeendeshwa kwa maji ya bomba bila kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini. Hilo ni baya zaidi kwa gari ambalo radieta iko mbele na injini iko kati, kwa kuwa mabomba ya maji ni marefu, hewa hubaki ndani kwa urahisi fundi anapojaza bila kuitoa, na gari huchemsha hata kama radieta imejaa.

Kisha liwashwe. Injini ya K6A iliyomo kwenye Every za miaka unayoitaja inatumia mnyororo wa taimingi, na mnyororo uliolegea husikika kama mkwaruzo sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Sikia hapo, usisubiri. Liache likiunguruma hadi feni ijizungushe yenyewe na kuzima, ndipo uliendeshe. Panda nalo Isamilo ukiwa na watu wawili nyuma, halafu teremka bila kukanyaga mafuta, na ukifika chini kanyaga huku msaidizi wako akitazama bomba la moshi. Moshi wa buluu wakati huo ni injini inayokula oili. Kilomita za kwenye dashibodi zisome, lakini uziamini kidogo kuliko uchakavu wa pedali ya klachi na usukani.

Jambo moja la kwetu hapa: funua zulia la nyuma na uchungulie chini ya sakafu. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi na hayana chumvi, hivyo gari lililokaa Mwanza halioti kutu kama la pwani. Hata hivyo, gari lililobeba samaki wenye barafu au samaki wa chumvi huoza sakafu kutoka ndani kwenda nje, na rangi mpya ya upande wa chini hufunika hayo yote. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Harufu utaitambua mwenyewe.

MikateYaMkolani

Nimesoma maelezo ya fundi na nayaunga mkono, nikiongeza mambo machache kwa upande wa mtumiaji, kwa kuwa nasambaza mikate kwa Every kila alfajiri.

Kwanza, kaka, uwe makini na gia. Every nyingi za mizigo zenye gia otomatiki zina gia tatu tu. Mjini unaweza usione tofauti kubwa, lakini ukishapita Usagara na kutaka kwenda mwendo wa barabara kuu, injini inalia kwa sauti ya juu bila gia ya kuipumzisha, na hapo ile sifa ya mafuta inapungua. Ya gia tano za mkono ndiyo inayokufaa. Pili, soma namba ya chasisi. Inayoanza na DA64V ni ya mizigo, na nyingi hazina tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu. Inayoanza na DA64W ni ya abiria, nyingi zina tabo, na inapendeza machoni na viti vyake vizuri. Madalali huzichanganya kwa makusudi au kwa kutojua. Tabo iliyozeeka kwenye injini ndogo ni gharama ambayo biashara ya mtu mmoja haina sababu ya kuibeba.

Tatu, usiamini kilomita kwa lita za mtu yeyote, pamoja na zangu. Jaza tangi hadi pampu ikate, fanya kazi zako za kawaida kwa wiki nzima, rudi kwenye pampu ileile ujaze tena hadi ikate, kisha gawanya. Na usizoee kutembea taa ya mafuta ikiwaka, maana pampu ya petroli imo ndani ya tangi na inapoozwa na mafuta hayohayo.

DerevaWaZamani_Magu

Nawasalimu nyote. Nitakuwa na maoni tofauti kidogo, nayo si ya mafuta.

Nimeendesha magari ya aina nyingi kwenye barabara ya Musoma na ya Shinyanga, na ninachokitazama kwanza ni kilichopo kati ya magoti ya dereva na gari linalokuja mbele. Kwenye Every hakuna boneti. Kwenye TownAce napo hakuna boneti ya kujivunia, lakini ni gari pana zaidi, zito zaidi, na halisukumwi na upepo wa basi linapokupita kwa kasi. Every ina upana wa chini ya mita 1.5 na ni ndefu kwenda juu. Ukiwa Kigongo pale upepo wa ziwa unapovuma kwa ubavu, utaushika usukani kwa mikono miwili. Kijana akiniambia kwamba kazi yake yote iko kati ya Igoma na Buhongwa, namwambia anunue hiyo ndogo. Akiniambia kwamba Sengerema inaongezeka, na kesho atapigiwa simu ya Geita, namwambia aongeze fedha achukue TownAce ya 1500, ambayo inabeba takriban kilo 750, aache nafasi kwa biashara inayokua. Shilingi laki moja na kitu kwa mwezi ni tofauti ya mafuta. Ninyi mmeiona kubwa, mimi naiona ndogo.

Halafu mitungi. Oksijeni na gesi ndani ya bodi iliyofungwa, juu ya injini inayotoa joto chini ya kiti, ni jambo la kulipangia kabla hujanunua. Tengeneza ukuta wa chuma nyuma ya viti, mitungi isimame na kufungwa kwa mikanda kwenye ukuta huo, valvu zifungwe kabla ya kuondoka, na madirisha ya nyuma yaachwe na upenyo. Ukuta huo utakusaidia pia siku utakayofunga breki ghafla, kwa sababu kompresa isiyofungwa husafiri hadi kisogoni kwa dereva.

Spana_Mkuyuni

Shikamoo mzee wangu. La mitungi nimelipokea moja kwa moja, na ukuta huo uhesabiwe kwenye bajeti pamoja na uzito wake. La TownAce nalikubali kwa sharti moja: iwe ile ya umbo jipya, na iwe nzima. Kwa milioni 10 atakayoipata kwa urahisi ni ya 7K. Injini hiyo ni ngumu na kila fundi wa Nyakato anaifungua akiwa amefumba macho, lakini kwa mafuta itamrudisha kwenye tatizo alilotaka kulikimbia.

Karani_Ilemela

Ndugu, wenzangu wamemaliza chuma, nami nitazungumzia karatasi, ambako watu hupoteza fedha zao zote kwa mara moja.

Omba kadi halisi ya gari, usikubali nakala. Kadi ikiwa kwa mkopeshaji, gari limewekwa dhamana, na maneno ya kwamba itatoka wiki ijayo yasikushawishi kutoa hata malipo ya awali. Linganisha namba ya chasisi na ya injini zilizo kwenye kadi na zilizogongwa kwenye chuma, kwa macho yako mwenyewe. Jina la kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia, au awepo mwenye jina hilo. Mnyororo wa mikataba ya watu watatu ambao hawakuwahi kuhamisha umiliki utaulipia wewe ukifika TRA. Kwa hiyo mkataba uandikwe mbele ya wakili, ninyi wawili muwe na TIN, malipo yapite benki, na maombi ya kuhamisha umiliki yafanyike siku hizohizo badala ya kuachwa hadi mtakapokutana tena.

Angalia deni la makosa ya barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kabla ya kukubaliana bei, maana deni linafuata gari. Hakiki bima kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Stika iliyobandikwa kiooni peke yake haitoshi. Kwa gari la kazi, bima ndogo inatimiza sheria, lakini haitakulipa likigongwa kwa kosa lako au likiibwa pamoja na vifaa. Kubeba vifaa vyako ni jambo moja; siku utakapoanza kuchukua mizigo ya watu kwa malipo ili gari lisikae bure, utahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu.

Ukishawishiwa kuagiza Japani badala ya kununua la mkononi, ingiza aina na mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kabla ya kutuma fedha yoyote. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na gari kuukuu mara nyingi huwa na kodi inayowashangaza wanunuzi kuliko bei yenyewe. Halafu usisahau kwamba kutoka bandarini Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, na anayelileta analipwa.

FundiBaridi_Nyakato

Nawashukuru wote, na mzee wa Magu namshukuru kipekee kwa suala la mitungi, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuilaza.

Nimekaa na daftari la kazi. Sehemu kubwa ya safari zangu haivuki Kisesa upande mmoja na Buhongwa upande wa pili. Sengerema ni mara chache kwa mwezi, na mteja wa huko hulipia usafiri. Nimewasiliana tena na mwenye TownAce ya umbo jipya. Amepunguza bei vya kutosha, lakini nilipomwomba nilipeleke kwa fundi wangu alikataa, akasema gari likaguliwe palepale yadini na fundi wa kwao. Kuna Every mbili zenye gia za mkono, moja iko Pasiansi na nyingine Nyegezi, zote ni namba D, yaani herufi za usajili wake zinaanzia na D. Ya Nyegezi ina kadi yenye jina la muuzaji. Ya Pasiansi inauzwa na shemeji wa mwenye gari.

Spana_Mkuyuni

Ya yadini iache hapohapo, hata akipunguza tena. Ya Pasiansi isubiri hadi mwenye jina apatikane. Hiyo ya Nyegezi mwambie muuzaji asiiwashe, tunakuja Jumamosi saa moja asubuhi. Mimi niko Mkuyuni, utanichukua njiani. Beba mitungi yako, kompresa na ngazi ndani ya gari la kukodi, ili tuvipakie na kupanda nayo Bugando ikiwa na mzigo wako halisi.

DerevaWaZamani_Magu

Na msirudi mjini kwa njia ileile. Mkishatoka Bugando, nendeni nayo hadi Usagara na kurudi, kijana mwenyewe akiwa kwenye usukani, malori yawapite. Akiona bado anaitaka baada ya hapo, mimi sina pingamizi.